Shibe ya Kupelekewa

Njaa ya Mzee Ambakisye ilimkamata Atuganile akiwa anakata kola ya shati la shule. Ilimfinya chini ya kitovu, kwa kiburi kilekile cha mwenye njaa yenyewe. Akaweka mkasi chini, akatukana kimoyomoyo, akafunika cherehani yake kwa turubai. Yeye mwenyewe alikuwa amekula viazi na chai ya maziwa, na tumbo lake halikuwa na ugomvi na mtu. Lakini ile punje iliyopandikizwa nyuma ya sikio lake haikujali viazi vyake. Ilikuwa imeunganishwa na punje nyingine, nyuma ya sikio la mzee mmoja mwenye nyonga ya bandia huko juu kilimani, na kilichomkereketa yule kilimkereketa huyu hadi yule ale.

Alipitia jiko la kata, akachukua bakuli lenye mfuniko, akaanza kupanda. Mvua ya Tukuyu ilikuwa ikinyesha kama kawaida yake, bila hasira na bila haya, na njia ya udongo ilikuwa imelainika kama sabuni. Kila nyumba aliyoipita ilikuwa na mzee, au mgonjwa aliyetoka hospitali akiambiwa akapumzike. Vijana walikwishateremkia miji mikubwa zamani. Milimani iliachwa migomba, makanisa na wenye mikongojo.

Mwanzoni mji uliwatumia watu hao droni. Droni zilifika kwa wakati, zikashusha mabakuli mlangoni, zikaondoka zikivuma. Na wazee wakayaacha mabakuli yapoe palepale, kwa sababu hakuna mwenye akili timamu anayeweza kulikaribisha bati ndani na kuliambia, "Karibu tule." Ndipo wakatafutwa watu wa kujitolea. Watu wakajitolea kwa mbwembwe, wakapigwa picha, kisha wakaanza kuchelewa. Ndipo likaja shirika la Tumbo Moja na punje zake. Punje ilikuwa dawa ya uvivu: mhudumu aliyechelewa aliumwa na njaa ya mwenzake, na kula kwake mwenyewe hakukumsaidia kitu. Toka siku hiyo hakuchelewa mtu.

Atuganile hakujiunga kwa utakatifu. Mama yake alifia nyumba ya tatu kutoka kwa mzee huyo, bakuli la moto likiwa mlangoni, na yeye hakutaka kuliona bakuli jingine likipoa namna ile. Basi. Waliojiunga ili wasifiwe aliwadharau, na waliohudumiwa wakalalamika aliwadharau pia. Na katika hao hakuna aliyemzidi Mzee Ambakisye Mwasomola.

"Hodi!"

"Umechelewa."

"Shikamoo, Mkaguzi."

"Marahaba. Umechelewa."

Mji mzima ulimwita Mkaguzi. Katika ujana wake alikagua shule, na walimu waliposikia gari lake walikumbuka ghafla kwamba wana wagonjwa nyumbani. Sasa alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha, shati limefungwa hadi kifungo cha juu, mkongojo umelazwa magotini kama rungu la enzi. Alifunua bakuli kwa ncha ya kidole.

"Maharage. Nani anapika huko kwenu? Amehukumiwa?"

"Anapika Mama Gwantwa. Kama hutaki, nile mimi."

"Ukila wewe haitanisaidia mimi," alisema Mkaguzi, akachukua kijiko.

Alikula akikunja uso, akitafuna kila tonge kana kwamba analisahihisha. Na kadiri alivyokula, kile kidole kilichokuwa kikimfinya Atuganile tumboni kilimwachia polepole, mpaka akapumua. Akachukua bakuli tupu. Mkaguzi hakusema asante. Hakuwahi kusema, na Atuganile hakuwahi kuingoja.

*

Mratibu wa Tumbo Moja aliitwa Eveta Sanga. Alikuwa mwanamke mzuri, msafi, mwenye sauti ya kubembeleza, na hakuna neno la kawaida lililopita kinywani mwake likatoka salama. Mtu mwenye njaa alimwita mlengwa. Sahani ya ugali aliiita afua. Siku aliyowaita wahudumu wote ukumbini alivaa kitenge kipya, na Atuganile, ambaye jicho lake la ufundi halikulala, aliona kimeshonwa vibaya kwapani.

"Ndugu zangu," alisema Eveta, "wahenga walisema, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Sisi tukawaumbua wahenga. Tumewajua wenye njaa, matumboni mwetu wenyewe. Sivyo?"

"Ndivyo!" waliitikia.

"Lakini tulipowajua, tukaishia kuteseka pamoja nao. Je, huo ni upendo? Au ni watu wawili kulia badala ya mmoja?" Akabonyeza kitu mkononi, na ukutani ikatokea picha ya shingo ya mtu, na mshipa wa manjano ukishuka kutoka kichwani hadi tumboni. "Mshipa huu ndio unaopandisha njaa. Na mshipa huuhuu ndio unaopandisha shibe. Hadi jana punje zetu zilisikiliza upande mmoja tu, mlengwa kuja kwako. Leo wataalamu wamefungua njia ya pili. Utakachosikia wewe, atakisikia na yeye."

Lwitiko, kinyozi mnene aliyekaa mbele, mtu mwema mwenye kicheko cha karibu, aliinua mkono.

"Samahani, madam. Yaani nikila mimi, bibi yangu anashiba?"

"Anashiba, kaka Lwitiko. Anashiba kabisa."

"Mungu mkubwa!" alisema Lwitiko, na machozi yakamlengalenga kweli. Bibi yake, ambaye hakuwa bibi yake wa damu, alikuwa Bibi Tusekile, asiye na jino hata moja. Lwitiko alikuwa amechoka kumwona akimung'unya.

"Na nyama," aliuliza Atuganile kutoka nyuma, "inabaki tumboni mwa nani?"

Watu wachache walicheka. Eveta alimtazama kwa huruma, ile huruma aliyoihifadhi kwa wajinga na wafadhili.

"Dada Atu, wewe kila jambo jipya unalitafutia kaburi. Mlengwa atapelekewa kikombe cha virutubisho kila asubuhi. Kila kinachohitajika mwilini kimo. Kilichokosekana ni raha ya kushiba, na hiyo sasa tunampelekea."

"Mtu aliyeshiba atakunywa kikombe ili iweje?"

"Tutamhamasisha," alisema Eveta, akafunga mjadala.

Mengine yalieleweka bila kusemwa. Jiko la kata lingefungwa. Wafadhili hawakupenda vilima; viatu vyao havikushonewa utelezi. Lakini karamu waliielewa. Karamu ina meza, ina maua, ina pahala pa kukaa mgeni rasmi. Na wahudumu hawakuitwa tena wahudumu. Siku hiyohiyo walianza kuitwa walaji wa kujitolea, na hakuna hata mmoja aliyeona aibu.

*

Karamu ya kwanza ilifanyika kwenye hoteli mpya, mbele ya kioo kikubwa cha ukuta ambamo nyuso za wafadhili zilitazama kutoka nchi zao. Kulikuwa na mbuzi wa kuchoma, ndizi za nazi, kuku, maparachichi yaliyokatwa kama maua. Lwitiko alikula huku amefumba macho, akisema, "Pokea, bibi. Pokea." Mwanamke mmoja kwenye kioo alipangusa machozi. Mwalimu wa kwaya alikuwa anachukua paja la pili la kuku kwa uso wa mtu anayebeba msalaba.

Atuganile aliwaangalia wote, mmoja baada ya mwingine, akawadharau kwa utulivu na kwa mpangilio. Kisha mbuzi akafika mbele yake. Akaonja. Alikuwa mbuzi mtamu, aliyeungwa kwa ndimu na pilipili, mwenye mafuta ya kutosha kwenye mbavu. Dharau yake haikumzuia kuramba vidole. Alikula mpaka akalegeza mkanda wa sketi, na alipomaliza, akajidharau na yeye.

Alipopanda kilimani hakuwa na bakuli. Alijisikia mjinga, kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda.

"Karibu, karibu!" Mkaguzi aliita kabla hajapiga hodi. "Kaa. Pale, kwenye kiti chenye mto."

Atuganile alisimama mlangoni. Hajapata kuambiwa akae katika nyumba ile.

"Alikuwa mbuzi," alisema Mkaguzi, akipapasa tumbo lake. Uso wake ulikuwa umekunjuka. Kumbe alikuwa na uso mzuri. "Usinikatalie. Nimemsikia akishuka."

"Punje haipeleki ladha, Mkaguzi. Wamesema inapeleka shibe tu."

"Wamesema! Mke wangu alipochinja mbuzi nilishiba hivihivi. Shibe ya mbuzi si shibe ya maharage, binti. Mimi naijua."

Akamsimulia habari za mkewe, ambazo hakuwahi kuzitaja: namna alivyopika sana hata kama hakuna wageni, namna alivyokasirika mtu akisema ameshiba kabla ya sufuria kukwaruza. Alicheka. Atuganile alicheka naye, na kwa mara ya kwanza alimpenda kidogo. Alipoinuka kuondoka ndipo akaona kikombe cha virutubisho dirishani. Kilikuwa kimeota utando juu.

"Hukunywa."

"Nimeshiba," alisema Mkaguzi kwa upole.

Karamu zikaendelea. Mvua zikapungua, baridi ikaingia, na Mkaguzi akawa mwema kila siku zaidi ya jana yake. Alimuuliza hali ya biashara. Alimsifu. Siku moja alimpa suruali ya kijivu aipunguze kiuno, Atuganile akaipunguza. Baada ya muda mfupi alimpa ileile aipunguze tena. Akampima kwa mkono, akajikuta ameshika nguo tupu; mtu mwenyewe alikuwa mbali huko ndani. Shati lililofungwa hadi kifungo cha juu lilikuwa limeacha shingo ining'inie katikati kama ulimi wa kengele.

"Mkaguzi, unakonda."

"Uzee hukondesha."

"Njaa ndiyo inakukondesha."

"Sina njaa. Ningekuwa nayo ungeisikia wewe. Unaisikia?"

Hakuisikia. Hilo ndilo lililomtia hofu. Tumboni mwake palikuwa kimya, kimya cha nyumba iliyohamwa.

"Umeshiba kwa tumbo langu," alisema. "Lako halina kitu. Kunywa kikombe, nakuomba."

Mkaguzi alijibu bila kupandisha sauti.

"Toka mke wangu afe, sijapata kushiba. Nimekula, ndiyo. Nimekula kama mtu anavyomeza vidonge, mbele ya ukuta. Sasa nakaa hapa nashiba kama mtu aliyekaa mezani na wenzake. Nalala vizuri. Mguu hauniumi sana. Kama hiki ndicho kitakachonimaliza, mimi ni mtu mzima, nimekagua hesabu zake, nimeziona ni sahihi. Na wewe, fundi cherehani, unataka unirudishie njaa. Kwa mamlaka ya nani?"

Atuganile alichukua kile kikombe, akamwaga uoza nje kwenye migomba, akakiosha, akakirudisha dirishani. Akateremka kilima akiwa ameshiba na amekasirika.

*

Bibi Tusekile alifariki kabla baridi haijaisha. Lwitiko ndiye aliyemkuta, amelala chali, mikono juu ya tumbo, uso umetulia. Waliomwosha walisema walinyanyua mwili kwa mkono mmoja, kama wanaokunja shuka.

Msibani Eveta alipewa nafasi ya kutoa neno.

"Tumlilie, lakini tushukuru pia," alisema. "Wangapi katika milima hii walikufa na njaa zao? Mama yetu huyu alifariki ameshiba."

Waombolezaji wakaitikia, "Amina." Ndiyo, waliitikia. Baadaye ukaletwa wali na nyama, na watu wakanawa. Lwitiko alishika sahani yake akaitazama. Alikuwa ameongezeka mwili sana katika miezi hiyo. Koti la msiba lilimbana mgongoni.

"Usiku ule nilikula sana," alimwambia Atuganile kwa sauti ndogo. "Nilimwambia pokea. Dada Atu, nilimwambia pokea, na yeye alikuwa anapokea."

Atuganile aliweka sahani yake chini, akamfuata Eveta kwenye gari.

"Nitoeni kwenye programu. Mkaguzi wangu anakwisha kama huyu. Kateni njia ya pili, tumrudishie bakuli lake."

Eveta alimshika mkono. Mikono yake ilikuwa laini na ya moto.

"Dada Atu, tumemuuliza mwenyewe. Walengwa wote tunawauliza. Mzee Ambakisye ametuambia hajawahi kuwa na furaha namna hii tangu astaafu. Ndiyo maana tumemchagua azungumze na mgeni rasmi siku ya maadhimisho ya Tumbo Moja, kwa kioo, moja kwa moja. Ana lugha nzuri sana yule mzee." Akatabasamu. "Ukichoka ni haki yako. Tutampa mlaji mwingine. Mwalimu wa kwaya ameomba aongezewe."

Gari likaondoka. Atuganile alisimama kwenye vumbi akiiwaza picha hiyo: mwalimu wa kwaya na mapaja yake ya kuku, akimla Mkaguzi hadi mifupa kwa jina la upendo. Wenye shibe walikuwa wakiuliza watu kama wana furaha, na waliolishwa shibe walijibu ndiyo, na kila mtu alikuwa amesema kweli. Hilo ndilo lililomuudhi kupita yote. Hakukuwa na mwongo wa kumshika koo.

*

Siku iliyotangulia maadhimisho hakula. Asubuhi yake hakula. Alipika ndizi na maharage kwenye jiko lake mwenyewe, akatia chumvi na kitunguu, akapanda nazo. Mkaguzi alikuwa ameamka vibaya. Alimwangalia kwa macho mekundu.

"Una nini leo? Unaumwa?"

"Siumwi."

"Kuna kitu kinanifinya. Umekula?"

"Nitakula karamuni," alisema Atuganile, na huo ulikuwa uongo wa kwanza aliomwambia. Akaweka bakuli mezani, akaliviringishia taulo lisipoe, akaondoka haraka.

Njiani alijua anachokifanya. Alikuwa anaingia katika mwili wa mtu mzima aliyemwambia wazi usiingie. Mamlaka ya nani? Hakuna. Kama Eveta alikuwa mwizi, basi na yeye alikuwa mwizi. Tofauti yao ilikuwa kwamba yeye hakuwa na wimbo wa kuimba juu yake. Tumbo lilimnguruma. Akaliacha lingurume.

Ukumbi wa hoteli ulipambwa kwa vitambaa vyeupe. Mgeni rasmi, bwana mpana mwenye suti ya kung'aa, aliketi katikati, na Eveta kuliani kwake. Sahani zilijazwa. Atuganile alikaa mbele ya yake, mikono mapajani. Mvuke wa pilau ulimpanda puani, na njaa ikamzunguka tumboni ikitafuta mlango. Na alijua kila inapouma, inauma na kule juu, kwenye mwili ambao haukuwa na akiba ya kuumia.

"Kula, dada," alinong'ona mwalimu wa kwaya.

"Kula wewe. Unaweza."

Hotuba zikapita. Kisha Eveta akasimama, akatangaza kwamba wageni watapata heshima ya kumsikia mlengwa mwenyewe, mwalimu wa walimu, akiwa nyumbani kwake. Kioo kikawaka. Mkaguzi akatokea, mkubwa kuliko ukuta, shati limefungwa hadi juu, jasho linamtiririka.

"Shikamoo, mzee wetu!" alisema Eveta. "Hebu waambie wageni wetu, unajisikiaje leo?"

"Nina njaa," alisema Mkaguzi.

Mtu alicheka, akaacha.

"Anamaanisha… mzee, tunakuuliza habari za shibe yako."

"Wewe mwanamke ni kiziwi? Nina njaa! Yuko wapi yule fundi? Mwambieni ale!" Akasogea karibu, jicho lake likajaa kioo chote. "Atuganile! Kula! Nakuamuru!"

Watu wakageuka. Atuganile alisimama.

"Sili, Mkaguzi."

"Unaniua!"

"Bakuli liko mezani kwako. Ndizi na maharage. Lina joto bado."

"Sitaki bakuli! Nataka ule!"

"Nimesikia. Sili."

Eveta alimfikia, akamshika kiwiko, kucha zikazama. "Kaa chini ule," alisema bila kufungua meno. "Kaa chini, mshenzi wewe." Lilikuwa neno la kwanza la kawaida Atuganile kumsikia akilitamka. Eveta akamwashiria fundi mitambo azime kioo, lakini mgeni rasmi aliinua mkono.

"Acha. Tuone."

Mkaguzi alikuwa akitweta. Alisema matusi ambayo walimu wa zamani wangeyatambua. Kisha matusi yakamwishia. Aliegemea mkongojo, akaburuta ile nyonga yake hadi mezani, akavuta taulo, akafunua. Hakutafuta kijiko. Alikula kwa mkono, akiinama juu ya bakuli, ndizi zikimdondoka kifuani, machozi na kamasi vikichuruzika. Mtu aliyekuwa na kola safi maisha yake yote. Ukumbi mzima, wenye sahani zilizojaa mbele yao, ulimtazama akila. Na Atuganile alisikia tonge la kwanza likifika. Lilimuuma kama moto. La pili likauma kidogo.

Mkaguzi alipomaliza aliinua uso, akaukumbuka ule ukumbi. Akaona wanamwona. Akafunika uso kwa mkono wenye mchuzi.

Mgeni rasmi alianza kupiga makofi. Wengine wakafuata. Makofi yakapanda, nyuso za wafadhili zikitabasamu kutoka kwenye kona ya kioo, na bwana yule akamwinamia Eveta akamwambia, "Mguso mkubwa. Igizo zuri sana."

Atuganile aliwatazama mmoja mmoja. Akatoka. Lwitiko alikuwa amesimama mlangoni kwenye mvua, hajaingia kabisa. Hakuwa tena na punje. Plasta ilikuwa nyuma ya sikio lake. Walitazamana, akampisha.

*

Mkaguzi alikuwa amejipangusa na kubadili shati Atuganile alipofika. Kiti alikuwa amekigeuzia ukutani.

"Umenivua nguo mbele za watu," alisema.

"Ndiyo."

"Nilikukataza."

"Ulinikataza."

"Na hutaomba radhi."

"Nikiomba nitakuwa nakudanganya, Mkaguzi. Nimekukosea, na ningekukosea tena."

Mabega ya mzee yalikuwa membamba kupita kiasi chini ya shati safi.

"Mke wangu ameondoka tena," alisema, kwa sauti ambayo Atuganile alitamani asingeisikia. "Toka. Nitakushtaki."

Na kweli alimshtaki. Alimpigia simu Eveta, akalalamika kwa lugha nzuri, kwa hoja zilizopangwa, kwamba amedhulumiwa ndani ya mwili wake mwenyewe. Eveta alifurahi sana. Alipanda kilima kwa viatu vyake, pengine kwa mara ya kwanza, akiwa na mtaalamu mwenye sanduku dogo. Atuganile aliitwa. Punje yake ikatolewa palepale sebuleni, na alihisi kitu kimekatika ndani yake, kama uzi unavyokatwa kwa meno.

"Pole sana, mzee wetu," alisema Eveta. "Huyu amefutwa. Tumekuletea mlaji mpya. Ni mwalimu wa kwaya, mcha Mungu, mwenye afya njema."

"Sikuagiza mlaji."

"Lakini mzee, shibe yako…"

"Nimelalamika kwamba mtu aliingia tumboni mwangu bila ruhusa," alisema Mkaguzi. "Huyu aliingia na njaa. Ninyi mliingia na karamu. Nawashtaki wote. Wewe kijana wa sanduku, njoo, toa na yangu. Na wewe mama, kitenge chako kimechanika kwapani."

Mtaalamu alimtazama Eveta. Eveta aliutazama mlango. Punje ikatoka, ndogo kuliko chembe ya mtama, ikatiwa sandukuni pamoja na ile ya kwanza. Gari likateremka, na maadhimisho, kama ilivyojulikana baadaye, yalileta wafadhili wapya. Karamu zikaendelea katika kata nyingine kana kwamba hakuna lililotokea. Mji ulisahau upesi. Ulikuwa na shughuli ya kula.

Atuganile alipanda kesho yake mchana na bakuli. Hakuna aliyemtuma, na hakuna kilichomfinya. Njia nzima alijisikiliza tumboni, akakuta njaa yake tu, ya kawaida, ya mtu aliyekunywa chai kavu. Hakujua atamkuta mtu wa namna gani, wala kama atafunguliwa.

"Hodi."

"Sukuma."

Mkaguzi alikuwa kitini, amegeuka dirishani. Hakumkaribisha kwenye kiti chenye mto. Atuganile aliweka bakuli mezani, akasimama. Aligundua kwamba kuna neno hajawahi kumwambia, katika siku zote alizomlisha, kwa sababu halikuhitajika.

"Una njaa, Mkaguzi?"

Mzee alikunja uso. Akaweka kiganja tumboni, akakiacha pale, kichwa kimeinama upande, kama anayesikiliza mtu aliyeongea kwa sauti ya chini kutoka chumba cha pili.

"Sijui," alisema. "Funua tuone."